Ratiba Niliyoibandika Mlangoni

Nyinyi vijana watatu mliofungua ukumbi wa mazoezi kule Katindo, mlikuja kwangu wiki iliyopita na ombi moja. Mkubwa wenu ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Papa Kochi, tumesikia zamani ulikuwa na ratiba ya kutenganisha batu ili politiki isilete fujo ku ukumbi. Utupatie kopi." Niliwapa chai nikawaambia nitaitafuta.

Sikuwa na haja ya kuitafuta, maana najua ilipo. Imekunjwa mara nne ndani ya daftari langu la mwisho, na alama za gundi bado ziko kwenye pembe zake. Nawaandikia kwa sababu nikieleza kwa mdomo nitafupisha, na ikifupishwa itaonekana kama hekima.

Kwa miaka ishirini na sita niliendesha ukumbi wa mazoezi mtaani Murara. Leo chumba kile ni depo la makala, yaani mkaa, na mimi nimestaafu kwa sababu ya magoti na kwa sababu nyingine mtakayoisoma humu. Kazi hii sikuisomea popote. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kitabu cha shule cha Kifaransa kisicho na jalada, chenye picha ya mtu aliyechunwa ngozi ili misuli yake ionekane. Niliinakili picha ile mara nyingi mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka kuwa mganga au bucha.

Vyuma vyetu vya kwanza havikuwa chuma. Mtarimbo ulikuwa bomba la maji lililojazwa mchanga, na uzito ulikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kokoto, yenye tundu katikati. Kwa macho makopo yalilingana, basi yote nikayaandika kilo ishirini. Karibu mwaka mzima watu walikuwa wakijisifu kwa hesabu hiyo, hadi siku nilipoyapeleka kwa mama mmoja muuza maharagwe mwenye mizani ya kweli. Kopo moja lilikuwa na ishirini kamili, lingine kumi na tano. Nilikuwa nimechanganya kokoto za mtoni na jiwe letu la volkano, ambalo limejaa matundu kama mkate. Mama yule alicheka mpaka akashika meza. "Kochi, ungekuwa unauzisha maharagi, batu bangeshakufunga."

Tangu siku hiyo nilipima kila kitu na kukiandika katika daftari. Lakini kopo moja jeusi, jepesi kuliko yote, tuliliacha na namba yake ya uongo. Tuliliweka kwa ajili ya wageni. Siku moja mgombea mmoja alikuja na watu wake wa picha, akavua koti, akanyanyua lile kopo jeusi kwa mkono mmoja. Vijana wangu walipiga makofi, wengine walitoka nje ili wacheke vizuri. Nilicheka nami. Sikuona kwamba siku hiyo tulikuwa tumejifunza kusema uongo kwa pamoja kumfurahisha mkubwa, na kwamba yeye pia alikuwa amejifunza jambo: mahali penye vijana wenye mabega mapana ni mahali pa kurudi. Wakati wa kampeni mabega yana kazi nyingi. Yanambeba mgombea, yanafungua njia katikati ya watu, yanasimama mbele ya mlango.

Aliyenifundisha kazi hasa alikuwa muzee mmoja mwanajeshi mstaafu wa Katindo. Tulimwita Ajida, kwa cheo alichoondoka nacho jeshini. Ndiye aliyetuletea desturi ya mawe. Mnajua jinsi mama zetu wanavyopanga bidoni, yale madumu ya maji, bombani: bidoni yako ikiwa kwenye mstari, wewe uko kwenye mstari, hata ukienda kununua chumvi. Ajida alifanya vivyo hivyo. Kila mmoja alikuwa na jiwe lake la volkano, dogo kama ngumi, lenye alama ya rangi. Ukifika unaliweka mlangoni nyuma ya jiwe la aliyekutangulia. Ndiyo zamu yako ya kulala kwenye benchi la kunyanyulia.

Na aliyetoka benchini hakwenda kupumzika. Alisimama nyuma ya kichwa cha anayemfuata, mikono chini ya mtarimbo bila kuugusa, tayari kuudaka. Tulimwita mtu wa nyuma. Hukumchagua, mawe yalikuchagulia. Kazi yake ya pili ilikuwa kukuhesabia kwa sauti, katika lugha ya mama yake. Ajida alisema mtu akihesabu kwa lugha ya mama hawezi kudanganya upesi. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba baada ya miezi michache kila mtu pale alijua kuhesabu hadi kumi kwa Kinande, Kihunde, Mashi, Kinyarwanda na Lingala, hata kama hakujua kuomba maji katika lugha hizo.

Hapa nawapa jambo la kazi, mlishike. Mhesabuji asitamke namba kabla viwiko havijanyooka. Hesabu ya kubembeleza ni hatari: mtu anadhani amefika nane kumbe amefika sita, na mwili wake unajua ukweli. Mtu wa nyuma asitazame mtarimbo, atazame uso. Mtarimbo unasimama baada ya uso kubadilika, na kati ya hayo mawili una pumzi moja tu.

Wakati mmoja ofisa wa cheo kikubwa alikuja kufanya mazoezi. Mawe yakampa mtu wa nyuma aliyekuwa mbebaji wa makala, bado ana weusi shingoni. Ofisa akasema hawezi kuhesabiwa na mtu kama yule. Ajida alikuwa mzee tayari, lakini alikwenda akasimama kati yao. "Mon komanda, chuma ikianguka, cheo yako haitaiinua. Uyu ataiinua. Uchague." Ofisa akavaa shati lake. Alipofika mlangoni aligeuka, akarudi, akalala. Mbebaji wa makala akamhesabia kumi na mbili, na nadhani mbili za mwisho zilikuwa za adhabu.

Niliyaona hayo kwa macho yangu. Siwezi kusema sikufundishwa.

Ajida alipofariki, watu wawili ndio waliokuwa moyo wa ukumbi ule. Paluku ni seremala, anatengeneza chukudu, yale magari yetu ya mbao ya kusukuma. Mnande, mtaratibu, hasemi mara mbili. Innocent ni mtu wa milima ya Masisi, mwenye kuimba kwaya, mwenye maneno mengi, aliyekuwa akileta maziwa mjini kwa bidoni kubwa. Nyumbani kwao wanasema Kinyarwanda. Paluku alifika wa kwanza kila asubuhi na Innocent wa pili, kwa miaka. Kwa hiyo kila asubuhi Paluku alikuwa mtu wa nyuma wa Innocent.

"Paluku, unahesabia mimi ao unahesabia mbao zako? Harakisha!"

"Weye unyooshe viwiko kwanza. Maziwa imekulegeza."

"Maziwa iko najenga mufupa. Kama ungekunywa, chukudu zako hazingepinda."

Haya niliyasikia mara nyingi hata sikuyaandika kwenye daftari. Niliandika kilo tu.

Kisha ikaja ile kampeni. Kila Jumamosi asubuhi kikundi chetu kilikuwa kinafanya mbio barabarani kwa kuimba, kama vikundi vyote vya mji huu. Kiongozi wa nyimbo alikuwa kijana anayeitwa Serge, mwenye sauti ya tarumbeta. Serge akaniletea habari: mgombea fulani atatupa vyuma vya kweli, sahani za chuma na mtarimbo wa kiwandani, pamoja na jezi za kijani. Hakuomba kitu, ila Jumamosi tukimbie tumevaa jezi na jina lake liingie kwenye wimbo. Nilijiuliza siku mbili. Siku ya tatu nikapokea.

Kusema kweli, nilipoona zile sahani zenye namba zilizochongwa, namba zisizohitaji mizani ya muuza maharagwe, nilizipangusa kwa shati langu.

Mgombea wa pili alisikia. Kutoka kwake zikaja jezi za zambarau, na wengine wakazivaa, Innocent mmoja wao, kwa sababu mkuu wa kwaya yake ndiye aliyezigawa. Jumamosi ile mbio zilikuwa mbili. Vikundi vilikutana kwenye mzunguko wa barabara, wimbo ukajibiwa kwa wimbo, kisha wimbo ukajibiwa kwa matusi. Mawe yaliyorushwa siku hiyo hayakuwa na alama ya rangi. Hakuna aliyeumia sana, lakini maneno yaliyosemwa hayakuwa ya jezi tena. Yalikuwa ya kabila, ya nani ametoka wapi na arudi wapi.

Jumatatu, jiwe la Serge likawa nyuma ya jiwe la Innocent. Innocent alimaliza, akainuka, akasimama nyuma ya benchi kama kawaida. Serge hakulala. Alisimama, mikono kiunoni.

"Kochi, uyu hasimame nyuma yangu. Nilale, chuma ikuwe juu ya shingo yangu, na yeye ndiye ashike? Sijawa wazimu. Ahesabie batu yake."

Ukumbi ulikuwa na watu kama kumi na watano. Wote walinitazama mimi. Innocent alijaribu kucheka. "Serge, mudogo yangu, mwezi jana nilikudaka mara mbili. Shingo yako ile ile." Nilimtazama Paluku, na Paluku alikuwa akitazama mikono yake.

Mnajua Ajida angefanya nini, nimeshawaambia. Ilinipasa nimwambie Serge achague: alale au avae shati. Lakini vyuma vilikuwa vimekuja kwa mkono wa Serge. Wakati nasema "subirini, tutapanga", macho yangu yalikuwa kwenye sahani, siyo kwenye uso wa mtu. Nimewafundisha mtazame uso.

Nilikwenda nyumbani nikakaa na rula na kalamu ya rangi mbili. Mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ulinipa amani ya uongo. Nikapanga hivi: Saa mbili hadi saa nne za asubuhi, kundi la kwanza. Saa nne hadi saa sita, kundi la pili. Sikuandika kabila, wala jezi. Niliandika A na B. Nikabandika mlangoni, nikayakusanya mawe yote katika gunia nikalisukuma nyuma ya benchi, kwa sababu hayakuwa na kazi tena.

Watu walinisifu. Chifu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, alikuja akasoma, akasema hapa pana akili. Matusi yaliisha, kelele ziliisha. Hata Innocent alisema, "Ni sawa, Kochi, tupate amani," akaondoka bila kufunga mlango, yeye ambaye kila siku alifunga. Wenye kumbi nyingine walianza kuniomba nakala. Nawaambia haya ili mjue kwamba kosa langu halikuonekana kama kosa. Lilionekana kama kazi nzuri, nami nililifurahia kwa wiki saba.

Kundi la A lilikuwa la zambarau. Walikuwa wachache, na wachache wakipungua wanaonekana. Mmoja alihamia Rutshuru, wengine walichoka kutazamwa barabarani. Wiki ya saba Innocent alikuwa peke yake. Nilikuwa nimejiahidi kwamba mtu akiwa peke yake mimi ndiye mtu wake wa nyuma. Siku nyingi nilitimiza. Asubuhi ile sikuwepo. Nilikuwa kwenye duka la fotokopi, nimebeba ratiba yangu, kwa sababu ukumbi mmoja uliniomba nakala kumi.

Innocent alipakia mtarimbo mpya. Hapa kuna jambo lingine la kazi. Kwa makopo yetu ya zamani, ukishindwa ulikuwa unainamisha bomba upande mmoja, makopo yanateleza, yanaanguka, unabaki na aibu tu. Mtarimbo wa kiwandani una vibanio vya kushika sahani zisiteleze. Mimi ndiye niliyeamuru vibanio vifungwe kila mara, kwa usalama. Kwa mtu mwenye mtu wa nyuma, ni usalama. Kwa mtu aliye peke yake ni kufuli. Sikuandika tofauti hiyo popote.

Yaliyofuata nimeyasikia kwa Paluku, mara moja tu, na hajayarudia. Alikuwa amefika mapema kama kawaida yake. Kundi lake lilikuwa B, la kijani, na ilikuwa bado kabla ya saa nne. Alisimama nje, mbele ya mlango, akamsikia Innocent ndani akijihesabia mwenyewe kwa Kinyarwanda, kwa kuwa hakuna wa kumhesabia: rimwe, kabiri, gatatu. Paluku alizijua zile namba, alijifunzia humo humo. Kane, gatanu, gatandatu. Baada ya sita hakusikia saba. Alisikia chuma kikigusa kitu laini, kisha mguu ukikwaruza sakafu.

"Nilijua, Kochi," aliniambia. "Nilijua ile dakika. Mukono yangu ilikuwa ku mlango. Lakini karatasi yako ilikuwa mbele ya macho yangu, na Serge alishanicheka juzi, eti naingilia saa ya bengine kuenda kubeba batu ya zambarau. Nikasoma karatasi. Nilisoma yote, Kochi. Kama mutu anasoma barua."

Ni muda gani? Paluku anasema hajui. Nami sikumuuliza tena. Aliingia, akauinua mtarimbo peke yake, mzigo ambao daftari langu linasema hakuwahi kuunyanyua kabla wala baada. Mimi nilirudi na nakala kumi mkononi, karatasi bado zina joto la mashine, nikawakuta: Innocent sakafuni, bega la kulia limeshuka mahali ambapo bega halikai, Paluku amepiga magoti nyuma ya kichwa chake, mikono wazi chini ya shingo.

Innocent aliishi, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mtarimbo ulikuwa umetoka kifuani ukabingirikia begani. Bega lilirudishwa mahali pake hospitalini, lakini mshipa mmoja wa fahamu haukurudi kuwa ulivyokuwa. Mkono unainuka, hauinuki wote. Bidoni za maziwa sasa anazipakia mke wake, Furaha, na Innocent anashika pikipiki isiyumbe. Wale wagombea wawili, nimesikia, walipatana baada ya kura. Jezi zao zimekuwa vitambaa vya kupangusia pikipiki.

Serge hakuwa shetani. Alikuja hospitali na sabuni na mkate. Nilijaribu kumchukia ili nipunguze mzigo wangu, nikashindwa. Yeye alikuwa kijana aliyeogopa. Mtu aliyeshika ufunguo nilikuwa mimi.

Nilifunga ukumbi mwaka uliofuata. Sasa kila Alhamisi naenda kwa Innocent kumfanyisha mazoezi ya bega. Anasimama akitazama ukuta, anapandisha vidole polepole kama buibui, na pale vidole vinapokoma naweka alama ya makala. Furaha analalamika kwamba nachafua ukuta wake. "Kochi, kama mukono haiponi, angalau utatulipia rangi." Alama zimepanda kiasi cha upana wa viganja viwili. Kwa miezi kadhaa sasa zinarudi pale pale.

Paluku hajawahi kufika. Kila Ijumaa ananisimamisha mbele ya karakana yake, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Amefikia wapi?" Namwonyesha kwa mkono. Anatikisa kichwa, anarudi kwenye randa. Wiki mbili zilizopita nilimwambia: twende wote. Akasema, bila mzaha wowote:

"Umuambie anipangie saa."

Nilipeleka neno hilo kama lilivyo. Innocent alikuwa ukutani. Alicheka mpaka mkono ukashuka, halafu kicheko kikaisha na akabaki ameegemeza paji la uso pale pale kwenye alama zangu.

"Saa?" alisema. "Muambie aweke jiwe."

Sasa mmeelewa kwa nini sitawapa ile kopi. Siyo kwamba haifanyi kazi. Inafanya kazi sana. Iliwafundisha watu wangu wawili kusubiri saa, na mmoja bado anasubiri. Kama mtu atawaambia hawezi kusimamiwa na fulani, yawezekana atawaletea fujo ya siku moja, yawezekana mtapoteza vyuma, au hata ukumbi. Mimi nilivihifadhi vyote. Gunia la mawe liko kwangu, mkilitaka mje mlichukue. Jiwe la Paluku halimo, nilimrudishia Ijumaa iliyopita nilipompa jibu la Innocent. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya meza ya useremala kati ya misumari.

Leo ni Alhamisi. Nimetoka kwa Innocent sasa hivi. Katika mji huu jiwe ndilo tunalokanyaga, ndilo tunalojengea, ndilo tunalolimia pembeni yake. Nilitazama chini kabla ya kuingia, na nilitazama tena nilipotoka. Mlangoni pake hapakuwa na jiwe.